Harusi ile ilivyokuuma: jibu kwa mpiga dumbaki

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mpiga dumbaki, naishi Kisauni, na huu ni mwaka wa 11 nikipiga kwenye harusi za hapa Mombasa. Shemeji yangu alinishawishi nitazame Game of Thrones, nami nimeanza watu wengine wote wameshamaliza. Juzi nimefika msimu wa 3, sehemu ya 9, ile ya harusi. Mwalimu, sikulala. Nilizima runinga nikakaa gizani hadi adhana. Jumamosi nilikuwa na kazi, na mlango wa ukumbi ulipofungwa ili baridi ya AC isitoke, mikono ilinifa ganzi. Mke wangu asema hayo ni mambo ya Wazungu na majoka, niache utoto. Shemeji asema Robb alijitakia, kwa nini alivunja ahadi? Naomba unieleze kwa nini imeniuma hivi, kama mwandishi ana haki ya kumfanyia mtazamaji jambo kama lile, na kama niendelee au niache.

Marahaba, mwanangu.

Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara jicho limerudi pale pale, kwenye mlango. Hukuanza na damu. Hukuanza na Talisa na mimba yake, ambapo watu wengi huanzia. Umeandika juu ya mlango uliofungwa na mikono iliyokufa ganzi. Nami naona kwamba umelielewa tukio lile kuliko shemeji yako aliyekutangulia kulitazama, na kilichokuelewesha ni kazi yako.

Kwa wasomaji ambao hawajaitazama, kisa ni hiki. Robb Stark, kijana aliyetangazwa mfalme wa Kaskazini, alimwahidi mzee Walder Frey kwamba ataoa mmoja wa binti zake, ili jeshi lake liruhusiwe kuvuka mto kwenye daraja la Frey. Akaivunja ahadi, akamwoa Talisa aliyempenda. Ili kutengeneza yaliyoharibika, Edmure, ndugu ya mamake Robb, akakubali kumwoa Roslin binti Frey badala yake, na Robb mwenyewe akaenda harusini na mamake Catelyn, mkewe na watu wake. Wakapokewa kwa mkate na chumvi. Wakala, wakanywa, maharusi wakasindikizwa chumbani kwa kelele na vicheko. Kisha mlango ukafungwa, wapiga muziki walioko roshani wakabadilisha wimbo, na wageni wakachinjwa. Sehemu hiyo ilirushwa Marekani tarehe 2 Juni 2013. Iliongozwa na David Nutter, ikaandikwa na David Benioff na D. B. Weiss, kutokana na kitabu cha George R. R. Martin kilichotoka mwaka 2000.

Tuanze na wimbo, maana wewe ni mtu wa wimbo.

Watazamaji wa kwao Martin ilibidi wafundishwe jambo ambalo sisi tumekua nalo, kwamba wimbo wa harusini unaweza kuwa na mwenyewe. Nani Mombasa asiyelijua? Mwanamke anainuka na noti mkononi, anakata ukumbi taratibu, anamtunza mwimbaji, lakini macho ameyaelekeza meza nyingine kabisa. Maneno ya wimbo ni ya ua lililonyauka, au ya chombo kilichokwenda mrama. Mgeni aliyetoka bara atapiga makofi aseme wimbo mzuri. Meza ile yote imeshajua ni nani aliyetumiwa salamu. Wewe uliyekaa nyuma ya dumbaki miaka 11 umeziona nyuso hizo kutoka mbele, na najua umewahi kuona uso wa mtu ukibadilika kabla ubeti wa pili haujaingia.

Wimbo uliopigwa ukumbini kwa Frey, wimbo wa Castamere, ni wa namna hiyo hasa, na wenye tamthilia waliutayarisha kwa subira kubwa. Msimu wa 2 Tyrion, wa ukoo wa Lannister, maadui wa Robb, anaupiga mluzi. Usiku wa vita vya Blackwater, kabla havijaanza, askari wa Lannister wanauimba wakinywa. Halafu katika sehemu ya 8 ya msimu wa 3, tena ukumbini, tena harusini, Cersei, dada yake Tyrion, anamsimulia Margaery, mchumba wa mwanawe, asili yake. Ukoo wa Reyne wa Castamere ulikuwa wa pili kwa utajiri katika nchi yao, ukataka kuwa wa kwanza, ukamwasi Tywin Lannister, babake Cersei, na leo hakuna Reyne hata mmoja aliye hai. Kilichobaki ni wimbo. Waliofuatilia ilipokuwa ikirushwa walilisikia simulizi hilo wiki mbili tu kabla ya harusi ya Frey. Wengi walidhani Cersei anamtisha Margaery, basi. Kumbe ni sisi tuliokuwa tukipewa ufunguo wa fumbo, ili sehemu inayofuata wimbo ukianza bila maneno, kwa ala peke yake, tuweze kulifungua.

Tazama sasa ukumbi wa Frey. Wageni wote wanausikia wimbo, na anayeuelewa ni mmoja. Robb ameinama kwa mkewe, wanazungumza juu ya mtoto, na Talisa asema akiwa wa kiume ataitwa Eddard, jina la babake Robb aliyekatwa kichwa. Askari wanakunywa. Catelyn peke yake anageuza shingo. Anauona mlango ukifungwa, anaitazama roshani, anamtazama Roose Bolton, mmoja wa wakuu wa jeshi la Robb, aliyeketi karibu naye. Bolton anashusha macho kwenye mkono wa nguo yake mwenyewe, kama anayemwonyesha. Catelyn anaivuta ile nguo, na chini yake anakuta deraya. Mtu amekuja harusini amevaa chuma ndani ya nguo za sherehe.

Naamini wewe ulishituka kabla ya Catelyn. Wenzako walikuwa wakitazama, wewe ulikuwa ukisikiliza. Maharusi wametoka tu. Hiyo ndiyo saa ambayo kundi lolote linapandisha, siyo? Watu wamechangamka, jasho linatiririka, ukishusha mdundo hapo utazomewa. Kundi lile likashusha. Ngoma ikaondoka, nyuzi nzito zikaingia polepole. Mpiga ngoma anajua kwamba hakuna kundi linalofanya hivyo kwa hiari yake. Limeagizwa. Na ukishajua kwamba wapiga muziki wameagizwa, umeshajua kwamba mwenye nyumba anajua, na kwamba kila ulichokiona tangu mkate wa kwanza kilikuwa na kingine chini yake, kama nguo ya Bolton.

Nina jambo jingine la kukuongezea hapa, na huenda likakuuma tena, lakini ni haki yako kulijua. Kwenye tamthilia mishale ilitoka roshani ya wapiga muziki. Kwenye kitabu, walioshika pinde ni wapiga muziki wenyewe: nusu yao waliweka ala chini wakainua silaha. Martin alikusudia hilo. Miongoni mwa wale unaowaona wakipiga ngoma alikuwamo mpiga ngoma wa kweli, Will Champion wa kundi la Coldplay, aliyealikwa kuigiza. Kwa hiyo mikono uliyoiona ilikuwa mikono ya mtu wa kazi yako. Nimeyafikiria maneno yako, "mikono ilinifa ganzi", na sioni utoto ndani yake. Mtu anapoingia ukumbini akamsikia mpiga dumbaki anapiga, analegeza mabega. Anajua yuko mahali pa heri. Wewe ndiye unayemwambia hivyo, kila Jumamosi, bila kutamka neno. Frey aliichukua kazi hiyo akaifanya mtego, nawe ukaiona kwa mara ya kwanza kwamba inaweza kufanywa mtego.

Sasa mkate. Katika nchi za Martin, mgeni akishakula mkate na chumvi ya mwenyeji, hakuna wa kumdhuru mwenziwe maadamu yuko chini ya paa lile. Frey aliwapitishia mkate mbele ya macho yetu, kwa makusudi, na kamera ikakaa hapo. Sisi hatuna sheria yenye jina hilo, lakini tuna sinia. Wanaume watano wanakaa chini, mikono imeoshwa kwa birika moja, biriani moja, kila mmoja anakula upande wake na nyama ya katikati mnasogezeana. Ukimkuta kwenye sinia mtu mliyekuwa hamsemezani, utakula naye, na mkiinuka hapo lile neno limepoa hata kama halijakwisha. Nimeona ugomvi wa shamba wa miaka mingi ukipoa hivyo, Mji wa Kale, bila mzee wala wakili. Basi fikiria mtu anayesogeza nyama kwako kwa mkono wa kulia akijua kwamba mlango utafungwa.

Hapa inabidi nikutoe Westeros, nchi ya tamthilia hiyo, nikupeleke Pate, kwa sababu fasihi yetu imelijua jambo hili muda mrefu kabla ya runinga.

Utenzi wa Fumo Liyongo unasimulia jinsi mfalme wa Pate alivyomwogopa shujaa ambaye hakuna jeshi lililomweza. Waliotumwa kukileta kichwa chake hawakumwendea kwa vita. Walimwendea kwa kikoa. Wakala naye, kwa zamu, kama marafiki. Mwisho wakapanga kikoa cha makoma: kila mmoja atapanda mkoma siku yake awaangushie wenziwe, na zamu ya Liyongo ikifika, akiwa juu, mikono imeshika mti, wampige mishale. Liyongo akalitambua. Zamu yake ilipofika hakupanda. Akavuta upinde akayaangusha makoma kutoka chini, mbele yao, na wao wakaona kwamba huyu hawamwezi.

Halafu akafungwa gerezani. Mamake akampelekea chakula kwa mkono wa kijakazi Saada, na kila chakula kizuri walinzi wakakila wao. Ndipo mama akaoka mkate wa wishwa, mkate ambao hakuna anayeutamani, akatia tupa ndani yake. Walinzi wakaudharau, ukafika. Na usiku ule nje ya gereza kukachezwa gungu, watu wakaimba wimbo alioutunga mfungwa mwenyewe, na kelele za matoazi na makofi zikafunika sauti ya tupa ikila chuma cha pingu.

Unaona, mwanangu? Mkate na wimbo, vitu vile vile viwili. Kwa Liyongo, mkate unabeba ukombozi na ngoma inamfichia mfungwa siri yake. Kwa Frey, mkate unabeba mauti na ngoma inawafichia wauaji. Mimi nimesomesha utenzi ule miaka mingi, na nilipoiona harusi ile mara ya kwanza, hiyo ndiyo iliyonikaa kifuani. Niliona hadithi ya Liyongo imepinduliwa, mishono yote nje. Na ukumbuke mwisho wake: aliyemuua Liyongo ni mwanawe, kwa sindano ya shaba, kitovuni, akiwa amelala. Shujaa asiyepatikana kwa jeshi hupatikana kwa mtu ambaye anaweza kulala mbele yake.

Na mke wako akisema hayo ni mambo ya Wazungu na majoka, mwombe mtembee jioni moja hadi Ngome.

Hapo Fort Jesus, mwaka 1837, kulitokea jambo ambalo Martin angeweza kuliandika bila kubadilisha mengi. Mazrui waliitawala Mombasa karibu miaka 100, na kwa miaka mingi walipambana na Seyyid Said, enzi zile ambazo Muyaka bin Haji alikuwa akizitungia mashairi mitaa ile ile ya Mji wa Kale. Mwishoni wakaafikiana. Amani ikawekwa. Kisha Khalid, mwana wa Seyyid Said, akawaita wakuu wa Mazrui kwenye baraza ndani ya Ngome. Wakaenda, kwa sababu amani ilikuwa imewekwa na mtu akiitwa barazani huenda. Wakakamatwa humo humo, wakapakiwa vyomboni, wakapelekwa mpaka Bandar Abbas, upande wa Uajemi, na kwao hawakurudi. Waliobaki wakakimbia na jamaa zao, wengine Takaungu, wengine Gazi. Hadi leo ukimuuliza mtu wa Gazi ukoo wake ulifikaje kule, huenda hadithi ikaanzia kwenye mlango uliofungwa nyuma ya wageni. Na Ngome ile ile, mwaka 1631, ilishaona jambo la sura hiyo: Sultani Yusuf bin Hasan, aliyelelewa na Wareno huko Goa, aliingia na watu wake pasipo kushukiwa, akamuua kapteni wa Kireno ndani ya kuta zake mwenyewe. Sisemi kisa kile na hiki ni sawa kwa haki. Nasema tu kwamba mji wetu unalijua baraza ambalo ni mtego.

Martin naye hakubuni kutoka hewani. Amesema mwenyewe kwamba alichota kwenye historia ya Uskoti. Mwaka 1440, William Douglas, kijana wa miaka kama 16, alialikwa, yeye pamoja na mdogo wake, kula kwenye kasri la Edinburgh mbele ya mfalme aliyekuwa mtoto wa miaka 10. Wakatolewa mezani, wakahukumiwa, wakakatwa vichwa. Na mwaka 1692, kule Glencoe, askari walilala na kula katika nyumba za ukoo wa MacDonald karibu wiki mbili, kisha alfajiri moja ya Februari wakawageukia wenyeji wao. Waskoti walikuwa na jina lake katika sheria, kuua mtu aliyekuamini, na walilihesabu kosa zito kuliko kuua kwa kawaida. Hivyo hasira yako ina historia ndefu, na ya watu wengi.

Nije kwa shemeji yako. Mpe salamu zangu, na umwambie simkubalii, ingawa neno lake lina upande wa kweli.

Ukweli wenyewe ni kwamba Robb alikosea. Ahadi ya ndoa ni nzito, na heshima ya nyumba ya Frey ilivunjwa mbele ya nchi nzima. Binti zile walisimama foleni ukumbini wakitazamwa na kijana aliyewakataa, nami nilipotazama mara ya pili niliwahurumia wao kuliko mara ya kwanza. Walder Frey alikuwa na haki ya kukasirika. Alikuwa na haki ya kukataa kuwapokea, ya kudai fidia, hata ya kutangaza vita kesho yake na kupigana uwanjani mchana. Kitu kimoja tu hakuwa na haki nacho, nacho ni kuikubali suluhu na kuua ndani yake. Robb alikuja kuomba radhi, akaiomba kwa mdomo wake mbele ya kila binti, na badala yake akatolewa bwana harusi mwingine wa nyumba kubwa. Frey akapokea. Akatoa mkate. Tangu dakika ile deni lilikuwa limelipwa kwa makubaliano yake mwenyewe. Anayesema "alijitakia" anachanganya chanzo cha ugomvi na haki ya kuua, na tukienda kwa hesabu hiyo, basi hakuna suluhu yoyote katika mji wowote ambayo mtu anaweza kuiamini. Muulize shemeji kama angependa kuishi katika mji huo.

Tena, uuaji ule haukuwa wa hasira. Bolton alikuwa amevaa deraya kabla ya kuketi. Walioua watu kwa kukasirika hawaagizi wimbo.

Umeuliza kama mwandishi ana haki. Swali hili nimelifikiria sana, na jawabu langu ni ndiyo, kwa masharti, na Martin aliyatimiza. Sharti la kwanza ni kutokudanganya. Rudi uangalie: mbwa-mwitu wa Robb amefungiwa zizini mbali na bwana wake. Bolton anakataa divai, asema inapunguza makali ya fahamu. Wimbo tumeshaelezwa. Kila kitu kilikuwa mbele yetu, kama kilivyokuwa mbele ya Catelyn, na hatukukisoma kwa sababu tulitaka harusi iwe harusi. Sharti la pili ni kwamba msimulizi aumie pia. Martin amesimulia kwamba aliiruka sura ile, akaandika kitabu chote kilichobaki, ndipo akairudia mwisho kabisa, kwa sababu hakuweza kuiandika. Mtu anayechezea tu hisia za watu hacheleweshi sura yake nzito kuliko zote namna hiyo. Ile sehemu ilipata tuzo ya Hugo mwaka 2014, na sioni kosa katika hilo.

Kuna jambo nililifanya mwenyewe ambalo sijalifurahia. Nilikuwa nimesoma kitabu. Mpwa wangu hakuwa amesoma. Tulipofika sehemu ile niligeuza kiti nikamtazama yeye badala ya runinga. Watu wengi duniani walifanya hivyo mwaka ule, wengine wakaficha simu wakawarekodi jamaa zao wakipiga kelele na kulia, wakazitia video hizo mtandaoni zikatazamwa na mamilioni. Mpwa wangu hakupiga kelele. Aliziba masikio. Macho aliyaacha wazi, masikio akaziba. Nilikaa na siri ya watu waliokuwa wakienda kufa, nikamtazama kijana niliyemlea akiwafuata. Sijafanya tena. Akitaka kutazama na mimi, nakaa upande wake wa kochi. Shemeji yako, nadhani, anajua ninachosema.

Juu ya mke wako na neno "utoto", usigombane naye, lakini mweleze. Ulifika hapo baada ya sehemu 29. Hizo ni kama saa 29 na familia moja, wengine tuna binamu ambao hatujawahi kukaa nao muda huo. Mwaka 1956 Wamarekani wawili, Donald Horton na Richard Wohl, waliandika juu ya uhusiano ambao mtazamaji huufanya na watu wa kwenye runinga, wakaonyesha kwamba moyo huushughulikia kama urafiki, ingawa akili yajua kwamba upande wa pili hakuna anayekuona. Hukulia kwa kuwa huwezi kutenganisha mchezo na kweli. Umewazoea watu, na watu wameondoka. Na bibi zetu walilia Liyongo alipopigwa sindano, kila aliposimuliwa, wakijua tangu mwanzo kwamba atapigwa.

Yale majina ya mwisho yaliyopita bila muziki wowote, uliyaona? Sehemu nyingi zinafungwa na wimbo. Hii imefungwa na ukimya. Nilipokuwa mdogo tulikuwa kwenye harusi ya jirani, wanawake wako katikati ya chakacha, habari ya msiba ikafika mlangoni. Hakuna aliyetangaza. Ngoma moja ikanyamaza, halafu ya pili, na sisi watoto tuliokuwa nje tukajua kabla ya mtu mzima yeyote kututazama. Ukimya wa ngoma tunausoma sisi. Nadhani ndiyo maana ulikaa gizani hadi adhana badala ya kwenda kulala: ulikuwa kwenye msiba, na hakuna aliyekuja kukuambia waweza kuondoka.

Nikuambie sasa la mwisho. Endelea, lakini si leo. Sehemu ya 10 isubiri mpaka ukipita harusi mbili tatu za kwako, za kweli, zilizokwisha salama na watu wakala wakarudi makwao. Tamthilia ina sehemu 73 na imemalizika tangu 2019, haikukimbii. Yanayofuata sitakuambia, na ukimwona shemeji anakuja na uso wa mtu mwenye siri, mwambie akae upande wako wa kochi au aende zake.

Ukumbini, wakati wa kupanga vyombo, jiwekee mahali unapouona mlango. Usimweleze mtu sababu. Mpiga dumbaki hukaa anapotaka, hakuna atakayeuliza, na mikono ikijua kwamba macho yanaona mlango itatulia yenyewe.

Kisha, ukiwa tayari, irudie sehemu ya 9 mara moja. Anzia pale maharusi wanapoinuliwa kwenda chumbani. Funga macho, usitazame hata kidogo, sikiliza tu mpaka kofi la Catelyn kwenye shavu la Bolton, hapo hapo uzime kabla ya kisu cha kwanza. Mimi nimefanya hivyo mara kadhaa, lakini sikio langu ni la mashairi, si la ala. Niandikie uniambie ni chombo gani kiliondoka kwanza, na kama ungekuwa umeketi roshani ile ungelijua agizo kwenye pigo la ngapi.

Wasalimie nyumbani.